Msemaji Aliyepata Masikio

Watu wa Kamembe wanapenda kusema kwamba kaka yangu Mukengere ndiye msemaji wa harusi aliyewashinda wote pande hizi za Rusizi. Wacha waseme. Aliyekaa nyuma yake miaka yote hiyo akimvuta kanzu ni mimi, Mama Zulaikha, na nitaeleza ilivyokuwa, maana wengine wanaisimulia kombokombo na wengine wananitoa kabisa kwenye hadithi. Hilo linanikera kuliko kidonda cha tumbo.

Kwanza uelewe jambo moja. Kwetu binti hatolewi hivi hivi. Wageni wa upande wa mume wanakuja na msemaji wao, wanakaa upande mmoja wa hema, sisi wa upande wa binti tunakaa ng'ambo na msemaji wetu. Wao wanaomba, sisi tunakataa. Wanasema wamekuja kutafuta ndama aliyepotea, tunasema hapa hatufugi. Wanasema wameona ua zuri uani, tunasema hilo ni la jirani, kamuulizeni yeye. Tunawazungusha mpaka Fanta zinapata moto, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, ndipo tunakubali shingo upande. Binti akitolewa haraka, watu watasema alikuwa anawalemea wazazi. Akikataliwa vizuri, hata mawifi watamheshimu mpaka azeeke.

Mukengere alizaliwa na kipaji hicho. Angeweza kumnyima mtu maji huku amekaa katikati ya ziwa Kivu. Lakini mwaka tisini na sita, vita vilipowaka ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, homa ya uti wa mgongo ikamlaza hospitali mpaka tukanunua sanda. Akaamka. Sanda tukaigeuza pazia, ipo mpaka leo. Ila masikio yote mawili yalikuwa yamekwisha kazi. Unadondosha sufuria nyuma yake, yeye anakunywa chai kwa amani.

Mwaka ule ule mume wangu alivuka daraja asubuhi kwenda Bukavu kununua vitambaa. Hakurudi. Nilibaki na Zulaikha, mtoto wangu wa pekee, bado mdogo, na kaka kiziwi.

Tukafanyaje? Tukafanya kazi. Watu walipokuja kumwomba Mukengere awasemee, mimi nilikaa kiti cha nyuma yake na kikapu mapajani. Walidhani nimebeba dawa zake. Kumbe mkono mmoja uko kwenye kanzu. Mvuto mmoja, kataa. Miwili, dai kitu. Nikimfinya, atoe methali. Nikivuta mpaka kola inamkaba, akubali. Na wallahi, hakuna aliyewahi kukataa kama yeye! Mgeni anasihi, anataja mababu zake, jasho linamtoka, Mukengere anamtazama tu na macho makavu. Si hasikii! Mgeni akimaliza namfinya, naye anatamka kwa sauti nzito, "Haraka haraka haina baraka," na hema zima linaanguka kwa kicheko. Watu walijua masikio yake yamekufa, lakini waliamini anasoma midomo. Midomo gani? Nyuso alizisoma, midomo hata kidogo.

Mwanawe aliyeko Ubelgiji ndiye aliyekuja kuharibu mambo, Mungu amjalie. Alipata habari kuna madaktari kule wanatafuta watu wazima waliokuwa wakisikia zamani, wawatie mashine masikio yote mawili, si moja tu kama wengine, waone watasikiaje. Mukengere akapanda ndege. Walimpasua nyuma ya masikio, wakapitisha nyuzi mpaka ndani kabisa, wakaacha sumaku chini ya ngozi ya kichwa, kulia na kushoto. Kwa nje anavaa mashine ndogo nyuma ya sikio, yenye waya na kidude cha mviringo, kadiri ya kifungo cha koti, kinachojibandika chenyewe kichwani pale penye sumaku. Alikaa huko karibu mwaka mzima, akarudi mwanzoni mwa 2004 na begi zima la betri.

Mtaa wote ulijaa uani kwetu. Watoto waligundua siku hiyo hiyo kwamba ukimvua vile vifungo, vizibo vya Fanta vinamganda kichwani. Nilimkuta mkekani na vizibo huku na huku, anacheka kuliko wao. Nikawafukuza, nikambandika masikio yake, nikakaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa. Miaka minane hajasikia sauti yangu! Machozi yananilenga, nikasema taratibu, "Yaya, karibu nyumbani." Yaya ni kaka mkubwa kwetu.

Akafikiri. Akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Ni nani anakaanga sambaza?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa anakaanga sambaza, wale dagaa wa Kivu. Ilikuwa ni mimi.

"Si ubaya, dada," alisema alipoona nimenuna. "Bote munaongea sawa na bata bamefungiwa ndani ya debe. Na weye uko babili. Huku kushoto uko mwembamba, huku kulia uko munene."

"Mimi, mnene?"

"Sauti, dada. Sauti!"

Daktari alikuwa amemweleza kwamba masikio yale hayasikii kama yale ya kuzaliwa nayo, na ubongo lazima uanze shule upya, tena madarasa mawili, moja la kulia na moja la kushoto, mpaka siku yakubaliane. Basi kila kitu kikawa kigeni. Alisikia karatasi, akaogopa. Alisikia ndala zake mwenyewe, akasimama ageuke aone nani anamfuata. Siku moja alitoka chooni mbio kutuambia bomba limepasuka, na hapakuwa na bomba mule. Mvua ilipopiga mabati mara ya kwanza alivua masikio yote mawili na kuyafunika na sahani. Muziki ndio usiseme. Rumba aliyoipenda ujana wake wote, alisema ni misumari inamwagwa kwenye karai. Ngoma tu ndiyo aliyoikubali. "Ngoma iko ngoma," alisema. Mwanamume na mwanamke hakuwatofautisha hata kidogo. Aliitwa kwa nyuma akajibu, "Ndiyo, Maman," na aliyeita alikuwa imamu.

Kitu kimoja tu alikipata upesi: upande. Ukimwita toka kushoto, anageuka kushoto. Hajui nani, hajui unasema nini, ila anajua uko wapi. Daktari alisema hiyo ndiyo faida ya masikio mawili, mwenye moja haipati. Aliifurahia mno. Alikuwa anakaa barazani amefumba macho, anaonyesha kidole: "Pikipiki, kulia. Kintu, kushoto."

"Kintu gani?"

"Sijui. Kintu."

Kilikuwa jirani yetu Mukarugwiza, anamgombeza mumewe.

Na akichoka kugombezwa yeye, anavua sikio moja, analitia mfukoni, kisha la pili. Mimi nabaki naongea na mfuko wa kanzu. Nyinyi mmewahi kudharauliwa namna hiyo?

Kilichoniuma zaidi ni siku aliyoniambia, "Dada, sasa niko na masikio. Kwenye harusi ukae na banamuke benzako." Hivyo tu! Miaka yote ile ya kuvuta kanzu mpaka vidole vikaota sugu, halafu kaa na wenzako. Nikasema sawa. Nikakaa. Nikakunja mikono.

Harusi ya kwanza ilikuwa Mururu, kwa binti wa Niyonsenga. Msemaji wa wageni alitoa hotuba, na Mukengere, ambaye wakati huo alikuwa anakamata maneno machache kwa shida, mara hiyo akayakamata yote. "Nimesikia!" akapiga kelele. "Nimesikia kila kintu! Bamupe!" Binti akatolewa kabla Fanta hazijafunguliwa. Baba Niyonsenga mpaka leo akituona anavuka barabara. Harusi ya pili walileta kipaza sauti, Mukengere akavua masikio akaenda nyumbani kulala.

"Yaya, kwa nini hukatai?" nilimuuliza.

"Dada, muntu anaongea muzuri, nimejikaza mpaka nimemusikia, halafu nimukatalie? Iko zambi."

Watu wakaanza kunong'ona kwamba msemaji ameharibika. Walinong'ona upande wake wa kulia, akanionyesha.

Ndipo ikaja zamu ya Zulaikha wangu.

Aliyemposa ni Saidi Rukundo, kijana wa Bugarama. Baba yake analima mpunga, yeye ana duka la vyombo Bukavu, huko Kadutu. Sina neno juu yake. Anasalimia, anaswali, hali chakula kama mtu aliyekimbizwa. Lakini mpango ulikuwa huu: nikaha ikiisha, Zulaikha anavuka daraja anakwenda kuishi Kadutu. Na huu ni mwezi wa nane. Mwezi wa sita risasi zilikuwa zimerindima Bukavu, tunazisikia tukiwa sokoni, watu wanamiminika darajani na magodoro kichwani. Saidi mwenyewe alilala barazani kwangu juma zima. Sasa vita vimekwisha, walisema. Mwaka tisini na sita pia waliniambia mume wangu atarudi kabla ya jua kuzama.

Sikutaka mwanangu avuke lile daraja. Ndiyo hivyo, nimesema. Lakini mama wa binti hana neno. Akikataa anaitwa mchawi, anataka kumla mwanawe. Akitaja vita siku za harusi, anaita nuksi. Zulaikha nilimgusia mara moja, akasema, "Mama, vita vimekwisha," akaendelea kujaribu viatu. Na siku ya kuombwa, mama wa binti anakaa nyuma na wanawake, kimya, anameza mate. Zamani ningekuwa na kanzu. Mvuto mmoja tu, na Mukengere angewakatalia hata mbele ya gavana.

Nilijaribu kumwambia. Jioni moja nilimfuata barazani, nikakaa kulia kwake. "Yaya, sitaki mtoto avuke. Wakisema Kadutu, kataa." Betri ya kulia ilikuwa imekufa. Nikahamia kushoto. Jikoni kwa Mukarugwiza, safari hii kweli, walikuwa wanakaanga sambaza, jenereta la muuza nyama linanguruma, na masikio yale kelele zikiwa nyingi yanazichanganya zote kama uji. Nikarudia maneno yale yale. Mukengere akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Ndiyo, ndiyo," akasema, na akatabasamu lile tabasamu la mtu ambaye hakushika hata neno. Ninalijua tabasamu hilo. Mimi ndiye niliyemfundisha. Basi hasira zikanipanda, nikaenda zangu ndani. Niseme mara ngapi?

Siku ikafika. Hema la turubai na vyuma uani kwetu, viti vya kuazima, wageni wa Bugarama wakashuka kwenye basi dogo wamevaa kanzu zilizopigwa pasi mpaka zinakata. Msemaji wao alikuwa Mzee Bizimana, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha wafu. Huyu alikuwa na kisasi. Miaka ya nyuma, Mukengere kiziwi alimzungusha mpaka akasahau jina la bwana harusi wake. Safari hii alikuwa amejiandaa majuma. Mkewe alituambia anahutubia hata akiwa anaoga.

Mimi nikaketi nyuma kushoto, kati ya wanawake, Mukarugwiza pembeni yangu. Mikono yangu ilikuwa haina pa kukaa.

"Wenyeji wetu!" Mzee Bizimana akaanza. "Tumetoka mbali. Tumefuata nyayo za ndama wetu mweupe, tumepita Nyakabuye, tumepanda milima na kushuka, na nyayo zikaishia hapa, mlangoni penu."

Mukengere akasimama ajibu, karibu mno na nguzo ya chuma ya hema. Pwap! Kifungo cha kulia kikaruka kutoka kichwani kikajibandika kwenye nguzo. Akajipapasa kichwa. Akajipapasa kofia. Akageuka, akakiona, akakibandua, kikaruka tena kwenye nguzo. Mzee Bizimana akamtazama kwa mashaka, akiamini ni mbinu mpya ya kumvuruga. Watu wakaanza kucheka. Kidogo nikapumua, nikasema moyoni, pengine leo atakumbuka kazi yake.

"Ndama?" Mukengere akasema alipokwisha kujiweka sawa. "Hapana, Mzee. Hapa hakuna ndama. Munamutafuta Zulaikha. Yuko ndani, anavaa."

Hema likaripuka. Mimi nikafunika uso na mtandio.

"Mzee Mukengere," Bizimana akasema, "nimesema ndama."

"Nimesikia muzuri. Lakini si ndama, iko mutoto wa dada yangu. Mumuchukue, iko na adabu."

Mzee Bizimana akavuka hadi katikati ya hema, akamwinamia, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata Bukavu waliisikia. "Kataa kidogo, ndugu yangu. Nimesafiri na hotuba."

"Nikatae nini?"

"Chochote!"

Mukengere akafikiri kwa bidii. "Basi," akasema, "nakataa chai."

Watu walicheka mpaka viti vinalia, lakini Mzee Bizimana alirudi kukaa amevunjika moyo, anajifuta shingo. Mimi nilikuwa nimekauka. Mwanangu alikuwa ametolewa kama mchicha wa jioni. Na bado hilo halikuwa lile nililoliogopa.

"Kama ni hivyo, tumalize," Bizimana akasema bila hamu. "Nikaha ni Ijumaa. Jumamosi binti anaongozana na mume wake, wanavuka daraja, wanakwenda kukaa kwao Kadutu. Mnaturuhusu?"

Watu tayari walikuwa wanaanza kupiga makofi. Mukengere akatabasamu, akafungua mdomo.

Sijui nilisimama saa ngapi.

"Hapana!"

Lilinitoka tumboni, halikupita kichwani. Makofi yakakatika. Mukarugwiza akanivuta kitenge. "Maman Zulaikha, kaa chini, utatufedhehesha!" Mzee Bizimana akabaki mdomo wazi, na mimi nimesimama mbele ya ukoo mzima wa wakwe, mama wa binti, nimepiga kelele kama kondakta wa stendi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mukengere akageuka. Hakuangalia mbele, hakuangalia kulia, hakubabaika. Kichwa chake kilikuja moja kwa moja nyuma kushoto, juu ya vichwa vya wote, macho yakatua usoni kwangu. Miaka minane alikuwa anaishi kwa kusoma nyuso, na uso wangu ndio aliousoma kuliko zote. Nikaona anaelewa. Tabasamu likafutika.

"Bageni," akasema, "munakumbuka vile nilikuwa nakataa muzuri zamani?"

"Tunakumbuka!" wakajibu, na Mzee Bizimana kwa uchungu kuliko wote.

"Sikukuwa nasikia hata neno moja. Nilikuwa navutwa kanzu. Njo huyu alikuwa anavuta." Akaninyooshea kidole. "Zile hapana zote zilikuwa zake, mimi nilikuwa mudomo tu. Leo nimemukalisha mbali, njo maana amepiga kelele. Kosa ni yangu. Muongee naye."

Minong'ono ikatapakaa kila kona. Mwanamume mmoja wa Mibirizi akasimama. "Kumbe ni weye ulinirudisha na mbuzi wangu mara mbili!"

"Alikuwa amekonda!" nikamjibu, maana kweli alikuwa amekonda.

Mzee Bizimana alikuwa amekwisha kuinuka. Alinyoosha kanzu, macho yanang'aa. "Kumbe mpinzani wangu ni huyu!" akasema. "Mama, umekataa. Alhamdulillahi, hatimaye mtu amekataa. Sasa tupe sababu."

Nilipanga kusema kitu cha busara chenye methali mbili tatu ndani yake. Hakikuja.

"Sababu naogopa," nikasema. "Baba yake alivuka asubuhi, sikumwona tena mpaka leo. Juzi tu mume wake huyu alikuja kwangu na godoro kichwani. Mimi nina mtoto mmoja. Ng'ombe wenu wa mahari mrudi nao, siwataki. Nawe Saidi, mwoe, mpende, akupikie ukipendacho, lakini usiku alale upande huu wa maji. Mkitaka kuniita mchawi niiteni."

Hakuna aliyeniita mchawi. Saidi akasimama, na bwana harusi naye siku hiyo haruhusiwi kusema.

"Maman," akasema, anaangalia viatu vyake, "tangu mwezi wa sita nalala nimevaa hivi viatu. Nilitaka kupanga nyumba hapa Kamembe. Nikaambiwa mwanamume anayekaa karibu na mama mkwe ni mkwe wa jikoni."

Mzee Bizimana akakohoa. Tukamtambua aliyesema.

"Mimi nakubali!" Zulaikha akapiga kelele dirishani, nusu ya nywele zimesukwa na nusu zimesimama. "Tukae hapa! Na mimi naogopa!"

Moyo ukanipasuka na kujishona hapo hapo. Siku zote zile za kujaribu viatu, kumbe mtoto anaogopa kama mimi, kila mtu anamficha mwenzake asimletee nuksi.

"Jamani," Mzee Bizimana akasema, amekata tamaa kabisa, "leo ndani ya hema hili wanaongea wote isipokuwa wasemaji."

Basi tukaongea, mimi na yeye. Watapanga nyumba karibu na msikiti. Saidi atavuka asubuhi kufungua duka na kurudi jioni.

"Kabla daraja halijafungwa," nikasema.

"Kabla halijafungwa," Bizimana akaitikia.

"Kila siku. Na Saidi pia ni mtoto wangu. Nimesema yeye pia."

Saidi akainamisha kichwa. Alikuwa analia, msimwambie kwamba nimewaeleza.

Kisha Mzee Bizimana akasema haondoki Kamembe bila kutoa hotuba yake ya ndama, na mimi nikamwambia ndama hatumjui, nyayo hizo ni za mbwa. Loo! Alichanua. Alitaja mababu, alipiga magoti, aliimba kidogo. Nilimkatalia mpaka Fanta zikapata moto, na nilipokubali hema lote likasimama. Tangu siku hiyo hakuna mtu Kamembe aliyesema binti yangu alitolewa haraka.

Wageni walipoondoka na viti vikakunjwa, nilimkuta Yaya amekaa peke yake kwenye benchi. Nikakaa kushoto kwake. Nilikuwa na furaha, na kwa hiyo nilikuwa na hasira.

"Umeniaibisha," nikamwambia. "Umenitangaza mbele ya Bugarama nzima." Kisha nikajidai kidogo, siwezi kusema uongo. "Ila angalau leo umeitambua sauti yangu."

Akavua kofia.

"Dada, nisikudanganye. Sikujua ni nani. Nilisikia kelele kushoto. Nikageuka, nikakuona umesimama unalia."

Iliniuma, mwacheni anayesema haikuniuma. Yeye akatoa betri mpya mfukoni, akabadilisha ya kulia, akabadilisha ya kushoto, taratibu.

"Daktari alisema nichague sauti moja," akasema. "Niisikilize kila siku, mpaka kichwa ikamate. Nilikuwa naona haya kukuomba. Kila nikikusogelea unanigombeza."

"Na unavua masikio!"

"Sitavua. Ongea."

"Niseme nini?"

"Chochote. Hata matusi."

Ah, matusi ninayo. Nikaanza na kofia yake, nikaja kwa binti wa Niyonsenga, nikapitia ile habari ya kukaa na wanawake wenzangu, hapo nikakaa sana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikamtukana kwa Kinyarwanda, na yale mazito, ambayo mama yetu alikuwa akitutukana nayo, nikayatoa kwa Mashi, lugha ya kwao, kama alivyoyatoa yeye. Yaya alikuwa amefumba macho, hasogei. Alipoyafumbua yalikuwa yamejaa maji.

"Endelea," akasema. "Endelea, dada. Inakuja."

Nikamtukana mpaka adhana ya magharibi.